Nilisema Imeiva

Siku ninayoikumbuka mpaka leo kwa hasira, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa saba hapa Songea, katika baridi ile yetu inayowafanya watumishi wanaohamia kutoka mikoa ya joto wavae makoti mawili na kutulaumu sisi wenyeji kana kwamba tuliiagiza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Dada yangu mkubwa, Imelda, alikuwa anaagwa kwenda kuolewa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba yetu pale Msamala, mbele ya moto wa mkaa, nachoma ndafu kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Najua unachotaka kuuliza. Mbuzi mzima wa sherehe huchomwa na wanaume. Ndivyo walivyosema hata wakati ule, tena kwa sauti kubwa kuliko sasa. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya baba mdogo, na hakuna aliyemshinda. Lakini wiki hiyohiyo alifiwa na mkwewe kule Madaba akaenda msibani, na kamati ya sherehe ikakaa kikao sebuleni kwetu kujadili nani atachoma. Nikasema nitachoma mimi. Nilikuwa nimeshapikia jubilei ya parokia, masufuria yale ya kukorogwa kwa mwiko mrefu kama jembe, na sikuona mbuzi mmoja angenishinda kwa lipi.

Mwenyekiti wa kamati, jirani yetu aliyependa kusikiwa kuliko kusikia, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Binti, hilo si jiko la kuchomea mahindi. Mwanamke na ndafu wapi na wapi?"

Baba yangu, ambaye kwenye vikao alikuwa mtu wa kukohoa tu, akasema, "Mwacheni achome." Wakaniacha. Lakini kuna kuachwa ufanye, na kuna kuachwa ushindwe wapate la kusema, na mimi niliijua tofauti kwa namna walivyotazamana.

Jiko lenyewe alilitengeneza fundi wa kuchomelea wa pale mtaani. Pipa la mafuta alilipasua kwa urefu, akalilaza, akaliwekea miguu minne. Juu yake likapita bomba la maji la kumchomekea mbuzi, na mwisho wa bomba akaunga pedali ya baiskeli iwe mpini wa kuzungushia. Ukizungusha, mbuzi anageuka pole pole juu ya makaa, anapata moto kila upande. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Yangu haikuwa hivyo.

Nilimfunga mbuzi kwa kamba ya katani, miguuni tu. Kamba ikaungua. Nikawa nazungusha mpini, bomba linazunguka, mbuzi katulia mgongo chini, miguu juu, kama mzee anayeota jua. Majirani walicheka wakashika mbavu, na mimi mwenyewe leo nacheka. Nikamtoa, nikamfunga upya kwa waya, shingoni, kiunoni, na mapajani. Hapo akakubali kuzunguka.

Kosa la pili halikuchekesha. Makaa yote niliyarundika katikati, chini ya tumbo, kwa sababu macho yangu yaliniambia kuwa katikati ndiko aliko mbuzi. Sikujua kwamba katikati ni mbavu, nyama nyembamba, na kwamba moto unatakiwa kuwekwa huku na huku, chini ya mabega na chini ya mapaja, katikati ubaki majivu na vijikaa vichache. Upepo wa mwezi wa saba nao ulikuwa unavuma kutoka upande wa mapaja, unachukua joto, na sikuwa nimekinga hata kipande cha bati. Ningeweza kumpelekea baba mdogo ujumbe nimuulize. Sikumpelekea, kwa sababu nilitaka ionekane nilijua. Kiburi si maungwana, mwanangu, na tena hakichomi nyama.

Ilipofika saa tisa, mbavu zilikuwa nyekundu za kupendeza, mafuta yanadondoka, harufu imefika barabarani. Nikachukua spoku ya baiskeli niliyoinoa, nikaichoma pajani mpaka kwenye mfupa, nikaitoa na kuigusa mdomoni. Ilikuwa ya baridi. Na pale kwenye tundu ikafuata damu. Basi nikaelewa. Nikasukuma makaa kwenda kwenye mapaja, nikaegemeza mlango wa zamani wa choo kukinga upepo, nikaanza kuzungusha upya. Kwa hesabu yangu zilihitajika saa mbili na nusu.

Saa kumi wageni wakafika kutoka Maposeni, wakwe wa dada yangu, wamejaa lori, wanaimba. Saa kumi na nusu Mwenyekiti akaja uani na wanaume wenzake watatu.

"Vipi huku? Wakwe wameshakaa."

"Bado, Mwenyekiti. Naomba saa moja."

Hakunijibu mimi. Aliwageukia wale wenzake. "Si niliwaambia? Niliwaambia au sikuwaambia? Haya, tafuteni wanaume wawili waje kumalizia hapa, binti akapumzike."

Mwanangu, damu ilinipanda kichwani. Tangu alfajiri nilikuwa nimesimama pale, vidole vimebabuka, macho yamevimba kwa moshi, na mtu ambaye hakuwa ameshika hata koleo anataka kunipumzisha. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikasema, "Imeiva. Chukueni."

Spoku ilikuwa bado mkononi mwangu, nami nilijua. Hakuna aliyenilazimisha kutamka neno lile. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee wetu hawakulisema hilo kwa kukosa la kusema.

Wakambeba mbuzi na bomba lake, shangwe na vigelegele, kapambwa majani mabichi mdomoni. Sasa sikiliza desturi ilivyo katika ukoo wetu. Binti anayeagwa hakati popote anapotaka. Anakata paja la kulia, maana paja ndilo linalobeba mnyama, kisha anapiga magoti na kwa mkono wake mwenyewe anamlisha mkubwa wa upande wa mume. Angekata ubavuni, nyama ingekuwa tamu na aibu yangu ingejificha mpaka kwaheri. Lakini ni paja, tena sehemu nene.

Imelda akakata. Kisu kiliingia kidogo kikakwama, akakaza, na damu ikatiririka juu ya sinia, ikapita kwenye glovu yake nyeupe mpaka kwenye mkono wa gauni. Aliangalia mkono wake, akaniangalia mimi kule nyuma nilikosimama. Kisha, maskini, akafanya alichofundishwa. Akapiga magoti na kile kipande mkononi mbele ya Bibi Skola, bibi yake bwana harusi, ambaye alikuwa ameshafumbua mdomo.

"Wametuletea mbichi!" akapiga kelele mmoja wa mawifi. Wageni wakacheka. Kicheko kilianzia kwao kikaja mpaka kwetu, na wa kwetu nao wakacheka.

Hapo ndipo Mwenyekiti aliponyakua kipaza sauti. "Wakwe zetu, mtusamehe sana. Ndafu ya leo imechomwa na mwanamke."

Hakusema kwamba aliombwa saa moja akakataa. Alisema mwanamke, akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika watu, nimesamehe mengi, na sentensi ile bado inanichemsha. Mbuzi haulizi mwanaume wala mwanamke. Anauliza makaa yako wapi.

Nilikimbilia uani, nikaupiga teke mlango wa choo, nikakaa juu ya ndoo nalia na kutukana. Nikasikia fimbo inagonga chini. Alikuwa Bibi Skola, kaja peke yake, kile kipande cha nyama kakifunga kwenye leso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyechoma?"

"Ni mimi, bibi. Lakini walinikimbiza. Yule Mwenyekiti..."

"Sijakuuliza habari za Mwenyekiti. Yule nimemwona. Ulijua kuwa haijaiva?"

Nikafuta macho kwa khanga. Akangoja. Wazee wa zamani walijua kungoja mpaka unatoka jasho.

"Nilijua."

"Na nani aliyesema imeiva?"

"Mimi."

"Basi kupika unajua. Asiyejua kupika asingejua ni mbichi." Akaniwekea ile leso mapajani. "Wewe uliogopa kuchekwa, ukamtanguliza dada yako akachekwe badala yako. Nyamaza kulia. Anayelia kwa haki yuko kule ndani, ameloa damu."

Nilikuwa nimezoea kugombezwa kwa mambo nisiyoyafanya, nikawa hodari wa kujitetea. Siku ile sikuwa na la kujitetea. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye hakunipa pole. Alivuta kigoda, akakaa, akaamuru mbuzi arudishwe motoni na wageni wapewe pilau kwanza. Mtu wa upande wa mume akisema hivyo, nani wa kwetu angebisha?

Nikatenga makaa huku na huku. Nikazungusha. Mwenyekiti akaja, akauliza kama tayari. Nikasema bado. Akaja tena, kakunja uso, anasema ratiba imeharibika. Nikasema bado. Mara ya tatu sikugeuka hata kumtazama, nikatikisa kichwa tu. Unajua kilichonitokea? Hakuna. Ardhi haikupasuka. Alirudi kwenye kiti chake akangoja kama watu wengine. Neno lile nililoliogopa kiasi cha kumtoa dada yangu sadaka, kumbe lilikuwa jepesi vile.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nikachoma spoku, ikatoka ya moto, na maji yaliyofuata yalikuwa meupe. Imelda akakata tena, safari hii kisu kikapita. Bibi Skola akala kwa meno yake machache, akatafuna pole pole watu wote wakimtazama, akaomba kipande kingine. Wakwe wakapiga makofi.

Ungependa nikuambie kwamba yakaishia hapo. Hayakuishia hapo. Mchuma janga hula na wa kwao. Dada yangu alifika Maposeni na jina limeshatangulia kumngojea mlangoni. Mawifi walimwita Mbichi. Ugali ukiwa mlaini kidogo, ni mkono wa Mbichi. Mtoto wake wa kwanza alipochelewa kutembea, ni mtoto wa Mbichi. Mwanamke aliyekuwa mpishi kunishinda mimi, aliyenifundisha hata kushika mwiko, alivaa jina hilo miaka na miaka, na yupo wifi mmoja anayemwita hivyo mpaka leo, mvi zimewajaa wote wawili. Nikimsikia natamani kumrarua. Kisha nakumbuka ni nani aliyempa jina lile, nainamisha kichwa.

Imelda hakuwahi kunilaumu. Mara moja tu, nimekwenda kumtazama alipojifungua wa pili, tumekaa jikoni kwake anapuliza moto, alisema bila kunitazama, "Edita, ungesema tu bado. Mimi ningekungoja. Ningekaa na gauni langu hata mpaka asubuhi."

Nikapiga magoti, nikaupuliza moto pamoja naye.

Nimechoma ndafu nyingi tangu wakati huo. Sasa kuna majiko yenye mota, yanazunguka yenyewe, na kijana anayelisimamia yuko pembeni anachezea simu. Wengine wanamwagia mkaa mafuta ya taa ili uwahi kushika, watu wanakula harusi yenye ladha ya taa. Nawagombeza, wananiita bibi mkali. Na niwe mkali! Lakini hasira yangu kubwa haiko kwenye mota. Iko kwenye lile neno "imeiva", maana nalisikia kila siku likitamkwa na watu wanaojua si kweli. Fundi anakabidhi nyumba paa linavuja, kwa sababu mwenye nyumba amepiga simu mara mbili. Dereva anatoka stendi na breki anazozijua mwenyewe, kwa sababu abiria wananung'unika. Wote hao spoku imeshawaambia. Wanaogopa kuchekwa kwa saa moja.

Kwa hiyo nakuusia hivi, mwanangu, na wewe binti yangu ndiye hasa ninayekuusia. Wapo watakaokungoja ushindwe. Usiwape ushindi kwa kujaribu kuwaridhisha, maana anayekudharau hataacha kukudharau kwa sababu umewahi. Usilolijua uliza, hata kama waliokudharau wanasikia. Na unapojua kazi yako haijafika, sema bado, useme tena bado, uso mkavu. Wakucheke wewe. Kicheko chako utakibeba mwenyewe na kitaisha. Ila ukikwepa, kitamwangukia mtu mwingine, tena mara nyingi ni yule anayekupenda, na huyo hutaweza kumvua.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako. Akupe ulimi usiokimbizwa na mtu, na akufungue macho uwaone mapema wale walio tayari kukungoja. Mimi nilikuwa naye mmoja, dada yangu, na sikumuuliza.