Unga wa Bukari Kabla ya Pasaka ya Wayahudi

Binti yangu alishikwa na uchungu siku mbili kabla ya Pasaka ya Wayahudi. Mume wake alimpeleka hospitali, nami nikaenda nyumbani kwao, mtaa wa Bel-Air, kukaa na mjukuu wangu, msichana wa miaka mitano. Binti yangu nilimlea katika Ukatoliki. Alipoolewa akafuata dini ya mume, ya Kiyahudi. Miaka saba sikuwa nimeuliza lolote juu ya dini hiyo. Niliogopa swali langu lingesikika kama lawama.

Mtoto alinipokea na kazi. Alisema mama yake hakumaliza: kabla ya sikukuu mikate na vitu vyote vya ngano vitoke ndani, hata makombo. Tukaanza. Mkate, biskuti na makaroni tukavitia kwenye katoni. Tukainua mito ya viti vya sebuleni, na kila kombo alilopata aliniletea kiganjani nilitazame. Baada ya muda nami nilikuwa nimepiga magoti, nikitaka kujua makombo ya watu hufika wapi. Nilipata moja ndani ya kiatu, jingine nyuma ya redio.

Kisha tukafikia mfuko wa unga wa mahindi, ule wa kusongea bukari, ugali wetu.

"Kambo, bukari nayo tutoshe?" akaniuliza mimi bibi yake.

Sikujua kama nayo hutolewa, wala yeye hakujua. Nikawaza binti yangu alivumiliaje siku nane za sikukuu kila mwaka bila bukari na asilalamike hata mara moja. Wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, babu wa mtoto upande wa baba, mjane aliyezaliwa hapa hapa mjini na wazazi waliotoka kisiwa cha Rodi. Tangu harusi tulikuwa tunasalimiana tu. Nikampigia simu.

"Bukari tunakula, mama," akasema. "Mukate njo hapana." Kisha akaongeza: "Mi nilizania hautake kuyua mambo yetu."

Nilimwambia nilitaka sana kuyajua, ila niliogopa kuuliza.

Alasiri alikuja mwenyewe. Nilisonga bukari, tukala na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikamuuliza kwa nini mkate ndio unaokatazwa. Akasema watumwa walitoka Misri mbio, unga waliokanda haukupata nafasi ya kuumuka. Hadithi hiyo naisikia kanisani tangu utoto, na sikuwahi kuwaza juu ya unga wao. Mengine niliyouliza alijibu kwamba hajui, mama yake alikuwa anafanya vile. Tulikuwa bado mezani mkwe wangu alipopiga simu: mtoto wa kiume, na mama yake mzima.

Jioni ya sikukuu binti yangu alikuwa amesharudi na kichanga chake. Mjukuu wangu aliuliza kwa Kifaransa yale maswali manne ambayo kwao huulizwa na mtoto. Alipomaliza, mzee akanigeukia, akasema kama nina langu niulize. Nikauliza habari ya yai lililokuwa mezani, ambalo huchovywa katika maji ya chumvi. Yeye akatoa sababu moja, mwanawe, mkwe wangu, akatoa nyingine, wakabishana mpaka supu ikapoa, na mimi nikawa nasikiliza wote wawili.