Nia ya Fungu la Nne

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa Oktoba, mwanangu, siku niliyoishika rozari nikamchoma nayo mtu. Kanisani mnanipisha kiti na kunipokea mkoba, mnaniita bibi wa sala. Kaa hapa nikueleze bibi huyo alikuwa mtu gani alipokuwa na umri wako.

Nilikuwa nimeolewa miaka michache tu, tukiishi upande wa ndani, ukishaipita Kombani. Mume wangu, Justo, alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, akirudi nyumbani kila Jumamosi. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na maneno yalikuwa yameshakuwa makali. Majirani waliokuwa wakipeana moto wa kuwashia jiko walianza kutazamana kwa pembe ya jicho. Padri akaagiza kila jumuiya isali Rozari ya amani, nyumba kwa nyumba. Kiongozi wa sala nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na sauti nzuri. Na nilijua kuwa ni nzuri, hilo nalo nikiri.

Jirani yangu alikuwa Veronika, mjane mwenye binti mmoja wa miaka tisa, Tekla. Tulichota maji pamoja, tukapaliliana mashamba. Kisha nikayasikia maneno kisimani: Justo, kabla hajafika kwangu, huingia kwanza kwa Veronika. Jumamosi ile nilisimama nyuma ya mihogo nikachungulia. Ilikuwa kweli. Aliingia, akakaa kidogo, akatoka.

Sikumuuliza Justo, wala sikumuuliza Veronika. Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Mimi nilikuwa mshtaki, shahidi na hakimu, yote moyoni mwangu.

Wiki iliyofuata, zamu ya kusali ilikuwa nyumbani kwa Veronika. Tulisali Matendo ya Uchungu, na kila fungu lilitajiwa nia yake. La kwanza tuliiombea nchi, la pili viongozi, la tatu wagonjwa. Tulipofika la nne nikasema, "Tumwombee mwanamke anayeingilia ndoa ya mwenzake. Mungu amjalie haya."

Hakuna aliyeinua uso. Wote walielewa. Fungu lile lilikuwa la mwenye nyumba kuongoza, na Veronika aliliongoza. Alisali Salamu Maria zote kumi, hakuruka hata moja, sauti ikimkatika, nasi tukimjibu, "Utuombee sisi wakosefu." Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote. Nikwambie kweli, mwanangu? Niliona raha.

Chai aliyotuandalia ilipoa vikombeni. Watu waliaga mmoja mmoja.

Jumamosi nilimwambia Justo, "Ukikanyaga tena pale, mimi narudi kwetu."

Akanitazama sana. "Kuna jambo niliapa nisiliseme."

"Basi apa na hili, kwamba huendi."

Akaacha kwenda. Na jumuiya nzima nayo ikaacha kwenda.

Haukupita mwezi, tukasikia mayowe. Tekla alikuwa na kifafa. Mama yake alificha, kwa kuwa watu wangesema mtoto ana pepo, na nani angekuja kumposa? Dawa zilipatikana Ukunda, na Justo ndiye aliyekuwa akizinunua na kuzileta. Zilipokwisha, Veronika alikwenda kuzitafuta mwenyewe. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, maana hatukuwa tukimsalimu. Tekla alikuwa akikoroga uji alipoanguka, mkono na shavu vikaingia motoni.

Aliyemtoa alikuwa Bi Mwanamisi, mama mzee wa Kidigo aliyekuwa akiishi ng'ambo ya njia. Alimpeleka hospitali Msambweni, kisha akaja kwangu, shuka yake ingali inanuka moshi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Mimi si wa dini yako, mwanangu, lakini dua naijua. Dua huelekezwa kwa Mungu. Ile yako uliielekeza kwa jirani. Ukuta wangu na wake ni njia tu, niliisikia." Akanyoosha kidole kuelekea nyumba ya Veronika. "Mwaomba amani ya nchi nzima, na mlango wa pili umekushinda kubisha?"

Nilikwenda hospitalini siku ileile. Nilimkuta Veronika kando ya kitanda, nikapiga magoti, nikatoa rozari, nikamwomba tusali pamoja, tupatane.

Hakupaza sauti. "Rozari ulishanisalia, dada. Inatosha."

Walihamia Lungalunga. Nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili mlango haukufunguliwa. Justo tuliishi naye hadi alipofariki, mume mwema, lakini siri yake hakuniambia tena hata moja.

Juzi juzi nilikuwa kliniki ya presha, Msambweni. Mwanamke mmoja mwenye kovu shavuni akanisogezea nafasi kwenye benchi. "Shikamoo, bibi." Tukazungumza. Akasema mama yake ameshatangulia mbele ya haki. Kisha akanitazama vizuri akauliza, "Sisi twafahamiana?"

Nikamjibu, "Hapana, mwanangu."

Umri huu, na sala zote hizo, na bado nilimwogopa.

Basi sikiliza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi unaojikwaa ndani ya sala huumiza zaidi, kwa kuwa aliyeumizwa hana pa kujibu. Ukiwa na neno na mwenzako, liweke jina lake mbali na nia zako za hadharani. Nenda mlangoni kwake, uliza, kuuliza si ujinga. Ukishasikia jibu ndipo ushike rozari, uombe amani. Na ukikosa, omba radhi mapema, usingoje kama mimi, maana radhi ina wakati wake wa kupokelewa, na wakati huo hupita.

Mungu akujalie, mwanangu, ulimi mzito na mguu mwepesi. Akuoneshe mlango wa jirani ungali wazi. Amina.