"Daraja lipo, Bwana amelikanyaga": nilivyotafsiri swali la wazee mbele ya mbunge wa Mdachi

Wakuu, mugonile.

Kabla hamjaniuliza akaunti yangu ni ya lini, nijibu kabisa: mimi ni marehemu. Nilizaliwa Matema, Mkisi wa ziwani, nikawa mkalimani wa serikali ya Mdachi, nikafa Mwingereza hajazoea hata njia zetu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Nitakayosema ni kweli tupu, maana marehemu hagombei cheo na wala hana biashara ya kutangaza.

Kilichonitoa huko niliko ni uzi mmoja humu. Mwenzenu kaleta habari ya mbunge aliyesimama kumuuliza waziri kuhusu barabara ya jimboni kwake. Akaanza kwa kushukuru. Akampongeza waziri, akampongeza naibu, akawapongeza na wataalamu. Alipofika kwenye barabara, kengele ikalia. Chini yake mmejaza vicheko kurasa na kurasa.

Mimi sikucheka. Mimi dada yangu alikufa kwa asante.

Twende taratibu.

Dada yangu aliitwa Tusekile. Alikuwa anafinyanga vyungu, kama wanawake wote wa upande wetu. Akishavichoma anavibeba kichwani kwenda Ikolo, kwa watu wa mashamba. Bei ya chungu ilikuwa ni kile kinachokijaza. Chungu cha mahindi unapimiwa mahindi mpaka shingoni, cha maharage vivyo hivyo, kisha unaacha chungu unarudi na nafaka.

Ili ufike Ikolo ni lazima uvuke mto Lufilyo.

Najua kuna mtu wa Kyela hapo anataka kuniuliza kwa nini asipande mtumbwi. Mwenye mtumbwi alikuwa anadai vyungu viwili kwa safari, na masika ziwa likichafuka vinaondoka vyote na wewe mwenyewe. Dada alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alitembea kwa miguu.

Zamani pale mtoni palikuwa na gogo. Mvule mzima, umelazwa toka ng'ambo hadi ng'ambo, wazee wenyewe ndio waliolilaza. Lilikuwa linateleza, lakini lilivusha watu.

Ikatoka amri bomani. Boma gani nalihifadhi, lilikuwa kule juu milimani kwenye baridi, inatosha. Amri ikasema gogo ni aibu, litajengwa daraja la kisasa. Wanaume wa Matema na Ikolo wapasue mbao.

Wakapasua kiangazi kizima. Bure, kwa msumeno na kwa shoka, huku mashamba yao yamelala. Msimamizi wao alikuwa Mzee Asegelile wa Ikolo, fundi wa kuchonga mitumbwi, mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti. Kila ubao uliomridhisha aliuchonga pembeni alama yake, mikato mitatu kama mguu wa kuku. Ubao usio na mguu wa kuku ulirudiwa.

Mbao zikapangwa ukingoni. Gogo likatolewa, maana lilikuwa limekaa mahali pa nguzo za daraja.

Halafu wakaja askari na wapagazi. Mbao zikabebwa zikapandishwa milimani. Tukaambiwa zinakwenda kupakwa dawa ya mchwa, zitarudi.

Hazikurudi. Na gogo halipo. Watu wakawa wanavuka kwa kuingia majini, kiangazi maji ya kiunoni, mvua zikianza maji ya kifuani.

Sasa mimi naingiaje hapo?

Mimi nilisoma misheni, nikakijua Kijerumani. Boma wakanichukua niwe mkalimani. Nilikula vizuri, nilivaa vizuri, na nilikuwa najiona. Sitaki kuwadanganya, nilikuwa najiona sana.

Siku moja bomani ikaja habari kwamba mgeni mkubwa anakuja. Si mwanajeshi, si mmisionari. Ni mbunge. Ndiyo, wakuu, kule kwao Ulaya nako walikuwa na bunge, na lilikuwa linagombana kuhusu mali ya makoloni inavyotumika. Huyu alikuja kujionea mwenyewe na kumhoji Bwana Shauri, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Wazee wakaitwa wawe mashahidi.

Nikateremka Matema kuwaita. Dada akanipikia samaki, akakaa pembeni ananitazama nikila.

"Kaka, utakuwepo na wewe?"

"Mimi ndiye mdomo wao," nikasema. Kwa majivuno hayohayo.

"Basi mwambie daraja. Mengine yote yaacheni, hilo moja tu. Mimi nikiwa na mzigo kichwani siwezi kuogelea, na mvua zinakuja."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa unakula.

Siku ya mkutano, Bwana Shauri na mbunge walikaa juu ya baraza jipya la boma, lililomalizwa nikiwa Matema, sakafu ya mbao, imepigwa msasa inang'aa. Wazee wakakalishwa chini, uani, kwenye vumbi. Mimi nikasimama kwenye ngazi, katikati.

Nikatazama chini nione pa kuweka mguu. Nikaona mguu wa kuku.

Nikatazama ubao wa pili. Mguu wa kuku. Wa tatu, umekanyagwa nusu na kiatu cha mbunge. Daraja la Lufilyo lilikuwa pale, limelazwa chini ya viti vya wakubwa, limewekewa na meza ya bia.

Nikamtafuta Mzee Asegelile kwa macho. Alikuwa ameshaona. Fundi haipotezi alama yake.

Mbunge alikuwa mtu mfupi, ngozi imebabuka kwa jua, ana daftari. Nimpe haki yake, huyu mtu alikuja kuuliza kweli. Hakuna salamu ndefu wala kumpongeza mtu. Alifungua daftari akamgeukia Bwana Shauri.

"Barua yako inasema wenyeji wamepasua mbao za daraja la Lufilyo. Limekwisha?"

"Limekwisha."

"Linatumika?"

"Kila siku."

Kila siku! Ameketi juu yake anasema linatumika kila siku. Wazee hawakuelewa Kijerumani, walikuwa wanautazama mdomo wangu tu.

Mbunge hakuridhika. Akasema, "Nitawauliza wenyewe." Akanigeukia mimi. "Waulize, daraja la Lufilyo lipo?"

Hapo nilitafsiri vizuri, sikupunguza kitu. Wazee wakanong'onezana. Mzee Asegelile akasimama, akajifunga shuka vizuri, akapiga makofi mepesi ya heshima.

Hapa lazima niwaeleze kitu wale msio wa kwetu. Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa, na tata ni baba. Lakini kwetu mtu mzima hamwendei mkubwa na lawama mkononi. Anaanza na ndaga, nyingi tu, anafungua njia. Na hamshitaki mwenyeji mbele ya mgeni wake. Anachofanya ni kukisifia kile kitu, anakisifia mpaka aliyekichukua aone haya. Mnyakyusa yeyote anajua kwamba mzee akishukuru mara nne, kuna mtu amefanya vibaya.

Mzee akasema:

"Ndaga, tata. Ndaga kwa kutoka mbali. Ndaga kwa kutuuliza, sisi hatujawahi kuulizwa. Ndaga sana. Daraja unaloliulizia lipo. Ni zuri, halina hata ufa. Wewe mwenyewe umelikanyaga."

Kisha akainamisha macho, akayaweka kwenye viatu vya mbunge. Hayakutoka hapo. Wazee wote wakafanya hivyohivyo, macho chini.

Wakuu, ilikuwa mashtaka yasiyo na mfano. Alikuwa amemwambia: umekaa juu ya wizi, tazama miguuni pako.

Nikamtazama Bwana Shauri. Neno ndaga yeye alilijua, ndilo neno la kwanza mzungu alilojifunza kwetu. Alikuwa amelisikia mara nne, anatabasamu. Halafu akanitazama mimi, na tabasamu likawa limekwisha. Nyuma yake alisimama askari na kiboko chake. Mwezi uliopita mpagazi mmoja alipigwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, kwa kusema mzigo mzito tu, na mimi ndiye niliyetafsiri hukumu yake.

Nikafungua mdomo. Kwa Kijerumani safi cha misheni nikasema:

"Wanashukuru. Daraja lipo, ni zuri, halina ufa. Bwana mwenyewe amelikanyaga."

Neno kwa neno. Tafuteni uongo hapo, hamuupati. Ndivyo nilivyojitetea miaka yote, kwamba sikuongeza neno wala sikupunguza.

Mbunge akafikiri kidogo. Siku tatu alizokuwa njiani alikuwa amevuka vidaraja kadhaa. Akasema, "Ah, kumbe ndilo lile." Akaandika.

Lakini kalamu ikasita. Aliona kitu yule mtu. Akaniuliza:

"Mbona wote wanatazama chini?"

Jamani, swali lile nilipewa mkononi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: mbao. Hata kidole kingetosha. Sikuhitaji ujasiri mkubwa, nilihitaji mdogo tu, na sikuwa nao.

Nikasema, "Ni heshima, Bwana."

Daftari likafungwa.

Mnataka kujua nilimuua dada yangu lini? Ni hapo. Siyo mtoni.

Tulipotoka, wazee wakanizunguka. "Amesemaje?"

"Ameandika," nikajibu. Na hiyo nayo ni kweli!

Walivyofurahi, nasikia aibu hata leo nikiwa udongo. Mzee Asegelile alinishika mkono hadi kwenye njia panda. Bwana Shauri naye akanifurahia, akanipa koti la kaki lenye vifungo vya shaba.

Dada aliponiuliza nikampa jibu hilohilo. Ameandika. Akapiga kigelegele peke yake pale jikoni, akaendelea kufinyanga vyungu vingi zaidi, kwa safari za daraja.

Mvua zilipokaribia, vijana wa Ikolo walitaka kuangusha mvule mwingine walaze gogo jipya. Mzee Asegelile akawazuia. Akasema jambo limeshaandikwa na mkubwa wa Ulaya, tukiweka gogo sasa ni kama tunamwambia hatumwamini. Wakaacha. Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimesimama palepale nikakubali kwa kichwa.

Masika yakaja.

Tusekile alikwenda Ikolo na vyungu vitano kichwani. Waliokuwa ng'ambo walimwona akiingia majini, maji yakafika kifuani, akainua mikono yote miwili kuvishika vyungu visianguke. Hakuviachia. Ilikuwa ni chakula cha watoto wake mwezi mzima, angeviachiaje? Mto ukamchukua hivyohivyo, mikono juu.

Yeye hatukumpata. Vyungu vitatu vilipatikana kwenye matete, karibu na ziwa, vizima kabisa. Kimoja nilikaa nacho hadi nakufa. Sikuwahi kukipikia.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Msibani Mzee Asegelile alikuja kutoka Ikolo, amevuka mto uleule, amelowa hadi shingoni. Watu wakampisha. Akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa. Nilikuwa nimevaa lile koti, kwa sababu ya baridi, au kwa sababu nilikuwa mjinga, sijui. Akanishika mikono yote miwili akaniambia, mbele ya watu:

"Ndaga, mwanangu. Wewe ulitusemea. Waliokosa ni wao, siyo wewe."

Nikasubiri. Kwa jinsi ninavyoijua ndaga yetu, nikasubiri lawama ije nyuma yake. Nilikuwa naiomba. Hata kofi ningelipokea.

Haikuja. Mzee alikuwa ananishukuru kweli.

Sikumwambia siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Mwaka uliofuata alipanda mwenyewe bomani kuulizia daraja. Karani akafungua karatasi, akasoma, akamwambia: Mzee, daraja lipo, mlithibitisha wenyewe. Na daraja lililopo haliwezi kujengwa, wakuu. Angeomba nini tena? Alirudi, akawaambia vijana walaze gogo. Yeye hakuuliza kitu serikalini mpaka amekufa.

Nilichojifunza nakisema bila kukipamba. Yule mbunge aliuliza vizuri, na mzee alijibu vizuri. Aliyeharibu ni mtu wa katikati aliyejua kila kitu, akachagua maneno ya kweli yasiyomuumiza yeye. Kwa hiyo mkisoma kwamba wananchi wameishukuru serikali, au mbunge fulani amepongeza, msikimbilie vicheko. Ulizeni walikuwa wanatazama wapi waliposema hivyo. Na wewe karani, wewe mwandishi, wewe msaidizi wa mheshimiwa unayesoma huku umenyamaza, nakujua. Nimelivaa koti lako.

Nimemaliza. Uwanja ni wenu, semeni mnavyoona, na anayetaka kunitukana anitukane, nitasoma komenti zote.

Ombi langu ni moja tu. Utakayeandika hapo chini, tafadhali, usianze na asante.