Chunjua na Unywele wa Mkia wa Ng'ombe

Juzi binti yangu alishuka kwenye bodaboda kutoka Bujonde na mwanawe wa miaka minne. Mtoto ana chunjua tatu kidoleni, na mama yake kaviringisha unywele wa mkia wa ng'ombe kwenye leso, kama dawa ya hospitali.

"Mama, tuzifunge kwa huu, zitakauka. Mama mkwe anasema haiumi."

"Haiumi! Aliwahi kufungwa yeye?"

Mimi, rafiki yangu, ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni ya jikoni hadi kibarazani, na hiyo nayo napumzika njiani. Ila siku hiyo nilifoka hadi majirani wakapunguza redio wasikie vizuri.

Maana nilifungwa mimi, hapa hapa Ikolo, nikiwa darasa la pili, msimu wa kuamia ndege kwenye mpunga. Mikono ilinuka matope na mawese, imejaa chunjua. Mwalimu akasema nimenawa maji yaliyochemshiwa mayai, ndiyo yaletayo chunjua, akanikalisha peke yangu. Mayai! Kwetu mayai walikula wageni. Kwenye mchezo wa kushikana mikono, wenzangu walinishika kiwiko.

Bibi akaudhika kwa niaba yangu. Akaenda zizini, akachomoa unywele, akaukaza kidoleni. "Tulia, inakufa hiyo." Siku ya tatu kidole kikawa cheusi, kimevimba kama ndizi mbivu. Jirani akasema dawa inafanya kazi. Ilifanya kweli: ncha ya kidole ikaondoka. Chunjua za mkono wa pili zikanawiri, kisha mwaka uliofuata zikapotea zenyewe, bila kuaga mtu.

Zenyewe! Hapo ndipo ninapoungua. Tulimpeleka mtoto zahanati, nesi akasema hivyo hivyo: ni virusi, nyingi huondoka zenyewe, ingawa huchukua miezi, hata miaka. Asizitafune, asizikwangue, taulo lake liwe lake. Zikiuma au zikitoa usaha, arudishwe. Na aachwe acheze na wenzake.

Unywele niliutia motoni. Hasira haikuungua. Zizi halipo, mpunga ule sasa ni kokoa, na bibi ninayetaka kugombana naye alishazikwa. Nikifungua mdomo kumfokea, nakumbuka alivyonilisha wali kwa mkono wake mwezi mzima, machozi yakimtoka. Hadi anakufa aliamini kosa lake lilikuwa kuchelewa kunifunga.