Kodi ya Kivuli

Miti mitatu iliyokuwa mbele ya nyumba yetu pale Kibiti aliipanda mama yangu kwa mkono wake. Naanza na hilo kwa sababu katika daftari la ofisi iliandikwa kwamba ni miti ya serikali, na hakuna aliyetuuliza.

Baba alikuwa mkata boriti. Alizaliwa Maparoni, na tangu ujana wake alikata mikoko akiwa amesimama kwenye tope hadi mapajani. Alipochoka na maji akahamia bara, akajenga nyumba kando ya barabara kwa boriti alizozikata mwenyewe. Aliijenga pana, kwani alitaka kibaraza ambacho watu wanane wangekaa bila kusukumana. Hakukifaidi sana. Mwaka wa tatu homa ilimchukua, tukabaki mama na mimi. Kibaraza kile kilitazama magharibi, na kila alasiri jua lilituingilia mpaka ukumbini. Ndipo mama akapanda mijohoro. Viangazi viwili mfululizo aliichotea maji kisimani, kule bondeni, debe moja asubuhi na moja jioni. Wanawake wa nyumba nyingine wakamwiga. Nilipoolewa miti ilikuwa imenipita kimo, na nilipoachika nikarudi kwa mama, barabara nzima ilikuwa na kivuli, kutoka duka la Mhindi mpaka kwenye banda la kununulia pamba.

Nilikuwa nimerudi kama mwaka mmoja hivi, miaka michache baada ya vita ya Hitla, mbiu ilipopigwa tukaitwa barazani. Karani wa mji mdogo alisimama akasoma karatasi. Alisema mji unatakiwa kupendeza, wageni wanapita. Alisema miti yote ya barabarani sasa ni mali ya serikali, na kila mwenye nyumba inayotazama barabara atalipa ada kila mwaka kwa kadiri ya upana wa nyumba yake. Ada hiyo itamlipa mtu wa kumwagilia maji, na fundi wa msumeno wa kupunguza matawi. Tangu siku hiyo mtu yeyote asikate tawi bila kibali. Mzee mmoja akauliza kama mpita njia akipumzika chini ya mti naye atatozwa. Watu wakacheka, karani hakucheka. Kabla hatujafika majumbani ada ile ilikwisha kupata jina: kodi ya kivuli.

Sitadanganya, mimi nilifurahi. Mama alikuwa anazeeka, na ngazi za udongo za kule kisimani zilikuwa zinateleza. Nilijisemea, kama kuna mtu atakayelipwa kubeba maji, na alipwe. Mama ndiye aliyenuna. Alisema hajawahi kuona mtu akimwoza binti yake mwenyewe halafu akatozwa na mahari. Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani.

Wiki iliyofuata karani akaja kupima. Alikuwa kijana wa kutoka mbali, kaptura yake nyeupe imepigwa pasi, na hakuwa na matusi hata kidogo. Alimwamkia mama shikamoo, akaomba ruhusa, akakunjua utepe wake. Alipima kibaraza, akaendelea mpaka mwisho wa ua wa makuti. Nikamwambia ua si nyumba.

"Ua unatazama barabara," akasema, akaandika.

Dukani kwa Mhindi alipima mlango na dirisha moja, basi. Duka lile lilikuwa jembamba kwa mbele, lakini kwa nyuma liliendelea na ghala mbili, na vyumba, na banda la mapipa ya mafuta. Likatozwa chini ya nusu ya tuliyotozwa sisi. Mke wa mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Alikuwa rafiki wa mama, miaka mingi walikuwa wakipelekeana sahani za chakula, na siku ile aliinamisha macho, akaingia ndani. Baada ya karani wakaja vibarua na ndoo ya chokaa, wakapaka kila shina mkanda mweupe na namba. Miti ya mama ikawa kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita.

Mama alikuwa msusi wa mikeka. Ada ya mwaka wa kwanza ilikula mikeka miwili mizima, ile ya rangi iliyokuwa ikiagizwa na watu wa Mtunda kwa harusi zao. Alilipa, akapewa cheti. Mtu wa maji akaja kweli, na pipa juu ya mkokoteni. Alimwagilia kwa wiki mbili. Kisha tukaambiwa mkokoteni umevunjika gurudumu, tuvumilie. Kiangazi kikakaza, miti michanga ya jirani ikaanza kukauka, na wanawake wakarudi kisimani na madebe yao kama zamani. Tukawa tunalipa ada na maji tunabeba sisi.

Mwaka wa pili tawi kubwa la mti namba kumi na tano lilikufa. Lilikuwa limelala juu ya paa letu, kavu, gome linabanduka. Zamani mama angemwita jirani mwenye shoka, akampa kikombe cha chai, kazi ikaisha. Sasa ilibidi niende ofisini. Karani alinipokea vizuri, akafungua daftari, akaandika. Akasema fundi wa msumeno yuko Utete, akija ataanzia kwetu. Nilirudi baada ya mwezi, akaandika tena. Mara ya tatu nilimwambia mvua za masika zimekaribia na lile tawi litatuua.

"Dada yangu, maneno yako yote nimeyaandika," akasema, akanigeuzia daftari nione. Kweli yalikuwepo, mwandiko mzuri, kila siku niliyokwenda.

Nikamuuliza kama tunaweza kulikata wenyewe. Akasema hapana, hilo ni kosa.

Lilianguka adhuhuri moja, mvua ikinyesha na upepo. Mimi nilikuwa uani natwanga mpunga. Mama alikuwa ukumbini anasuka ukili wa mkeka, kwa sababu kibaraza kilikuwa kimelowa. Nilisikia mshindo, kisha nikasikia makuti yanachanika, kisha sikusikia kitu, na kule kutosikia kitu ndiko kulikonipeleka mbio. Tawi lilikuwa limepasua paa na kung'oa boriti, na boriti ile ilikuwa imemwangukia mama mkononi. Alikuwa macho. Aliniambia nisivute, nilete watu. Wakaja majirani na mapanga na shoka, wakalikata tawi vipande vipande mpaka tukaweza kumtoa. Mke wa mwenye duka alikuja mbio miguu mitupu kwenye matope, na shuka mpya ya dukani, akaichana na kuufunga mkono wa mama kifuani. Mganga wa mifupa alifanya alivyoweza. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, na vidole viwili havikukunjika tena.

Siku ya nne karani akaja na vibarua. Nilidhani amekuja kutoa pole, na pole kweli alitoa. Kisha akauliza ni nani aliyekata tawi.

"Sisi," nikasema. "Lilikuwa juu ya mtu."

"Naelewa. Lakini kibali hakikuombwa."

Nilimtazama nikifikiri anatania. Hakuwa anatania. Akaamuru vibarua wakusanye vile vipande vyote vya tawi, kwa kuwa ni mali ya serikali, wakavipakia wakaondoka navyo kuwa kuni za ofisini. Na walivibebea nini? Mkokoteni. Mkokoteni ule ule wa maji, gurudumu zima, halina hata ufa. Nilisimama pale kibarazani nikiwatazama. Mama alikuwa ndani anaugulia, paa liko wazi, na wao wanatuchukulia kuni. Niliachiwa karatasi ya kuitwa barazani, kujibu shtaka la kukata mti wa barabara, siku Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, atakapopita.

Nilijiandaa kwa siku hiyo. Nilipanga maneno yangu wiki nzima, nikiyarudia jikoni. Nilitaka kuuliza ada inakwenda wapi, fundi yuko wapi, na mkono wa mama utalipwa na nani. Bwana Shauri alikaa mezani, Kiswahili chake safi kama cha kitabuni. Alinisikiliza, hilo nalikiri. Kisha akamtaka karani alete daftari. Karani akasoma: siku fulani mwanamke huyu alikuja, siku fulani alikuja tena, siku fulani mara ya tatu. Nikajua sasa ameumbuka. Bwana Shauri alilitazama daftari, akafunua kurasa, akasema limetunzwa vizuri sana, na makarani wengine wajifunze hapo.

Kisha akanigeukia. Akasema ada ni ya kutunza miti, si ya ajali, na upepo ni kazi ya Mungu. Kuhusu kulikata tawi, akasema ameona nilikuwa na dharura.

"Faini nimekusamehe," akasema.

Askari aliyekuwa karibu yangu akaninong'oneza niseme ahsante. Nikasema ahsante.

Nimesema neno hilo mara nyingi maishani, kwa watu waliostahili na wasiostahili, na hakuna hata moja linaloniuma kama lile. Maneno yangu yote ya wiki nzima yalinitoka kichwani, likabaki hilo moja. Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma, walikosimama watu wa mtaani. Alikuwa mke wa mwenye duka, mwanamke ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kukanyaga baraza.

"Na mkono wa mwenzangu?" akauliza, bila kupaza sauti.

Watu wote wakageuka. Bwana Shauri akauliza kama ana shauri lililoandikwa. Akaambiwa hana. Kesi iliyofuata ikaitwa, ya mbuzi. Mumewe alimshika mkono akamrudisha nyumbani, na mwezi mzima hatukumwona mbele ya duka. Sahani za chakula ziliendelea kuja, zikiletwa kwa mlango wa uani.

Njiani nilikuwa nalia kwa hasira. Nilipofika nyumbani mama aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia tumesamehewa. Akaniuliza kosa gani.

Mwaka uliofuata nilikataa kulipa. Mama alitaka tulipe yaishe, alikuwa ameanza kuuza vyombo, maana mikeka ya maana hakuweza tena kusuka. Nikamwambia hata sufuria moja haitatoka nyumba hii kwa ajili ya miti. Nikaitwa, nikasema ukweli kwamba sina na hata ningekuwa nacho nisingetoa. Nikahukumiwa kuilipa ada kwa kazi, na kazi yenyewe ikawa kumwagilia miti ya barabara kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo nilibeba madebe kutoka kisima kile kile, kwenda kwenye miti ile ile, nyuma yangu msimamizi na karatasi, akiweka alama kila debe. Jirani alitaka kunipokea debe moja, akakatazwa, kwa kuwa adhabu ilikuwa yangu. Wanawake walikaa vibarazani kwao wakinitazama, na hakuna aliyecheka. Nilipofika mbele ya nyumba yetu nilimwagilia kumi na nne, nikamwagilia kumi na sita, na ule wa kumi na tano uliokatika nusu nao nikaumwagilia, kwa kuwa ulikuwa kwenye karatasi. Mama alikuwa ameketi, mkono wake umepinda mapajani. Aliniambia nipumzike. Nikamwambia siruhusiwi. Akaingia ndani, na kila nilipopita siku zile mlango ulikuwa umefungwa.

Ada ile haikuondolewa kwa tangazo. Ilikufa yenyewe miaka miwili mitatu baadaye. Mtozaji aliacha kupita, chokaa ikafutika kwa mvua, wala hakuna aliyerudishiwa chochote. Karani akapata uhamisho wa kwenda wilaya nyingine. Kabla ya kuondoka alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu anayehama. Alifika kwetu asubuhi, kofia mkononi. Alisema amekaa na sisi kwa wema, na kama kuna lolote alilotukosea tumsamehe.

"Nimekupa radhi, mwanangu," mama akasema. "Nenda salama."

Akanigeukia mimi.

"Mimi sina," nikasema.

Alisubiri, akidhani nitaongeza neno. Akavaa kofia, akamuaga mama, akaenda. Mama alinikasirikia mpaka jioni. Alisema nimemtia aibu, mtu kaja mwenyewe mlangoni, tena kijana wa watu, aliyetumwa na wakubwa zake. Nikamwambia kuchukua kuni zetu hakutumwa na mtu.

Labda karani yule amekwisha kufa. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani aliwahi kuniambia kwamba kumnyima maiti radhi ni kujitesa mwenyewe, na akanisihi nimsamehe. Nimejaribu kutamka. Mpaka leo sijaweza.