Fomu ya Macho ya Baba

Kwa miaka mingi nimewafundisha kidato cha tatu neno la Kiingereza glare bila kupata neno moja la Kiswahili la kuliweka pembeni yake. Ni mwanga, lakini si kila mwanga. Mwanga wa kibatari hauna kosa. Glare ni ule unaokupiga usoni mpaka ushindwe kuona kilicho mbele yako: bati jipya saa saba mchana, taa za lori linalokujia, mashamba yetu ya Dodoma mwezi wa kumi, majani yamekwisha na udongo umebaki mweupe. Nawaambia pia kwamba ni kumkodolea mtu macho kwa hasira. Hapo hucheka, maana hiyo wananiona nikiifanya kila siku.

Najivunia somo hilo. Ndiyo maana madaktari wa macho walipokuja kijijini kwetu, upande wa Kongwa, na fomu zao za Kiingereza, nilijitolea kuwajazia. Nilikuwa likizo. Wazee walikaa kwenye mabenchi, nami nikapita na kalamu nikiwauliza kwa Kigogo na Kiswahili, kichwa kimenivimba kidogo. Swali la nne lilikuwa na neno langu: je, mgonjwa anasumbuliwa na glare? Pembeni palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Wenye ndiyo wangepelekwa mjini siku ileile kupimwa kwa mashine.

Baba alikuwa katikati ya benchi, kati ya wazee wa rika lake aliochunga nao ng'ombe tangu utotoni. Hali yake niliijua. Wiki ileile tulikuwa mjini, sokoni Majengo, na tulipotoka kwenye kivuli cha duka la nafaka alisimama ghafla, akanishika mkono. Bajaji ilipita nusura imguse. "Subiri kidogo," aliniambia, "kumekuwa kweupe." Sijawahi kusikia maelezo bora ya neno lile, hata kwenye kamusi.

"Baba," niliuliza kwa sauti ya kikarani, "mwanga mkali unakusumbua macho?"

Aliinua kidevu. "Mimi nisumbuliwe na jua? Nimelima juani tangu ujana."

Wenzake walicheka. Wawili waliomtangulia walikuwa wamesema ndiyo, naye alishawatania kwamba wamerudi kuwa watoto wachanga.

Kwetu mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya wenzake. Utamwambia nyumbani, kwa kuzunguka, pengine kupitia kwa shangazi. Pale kwenye benchi, kumkumbusha habari za Majengo kungekuwa kumvua nguo. Nikaweka tiki kwenye hapana, nikahamia kwa mzee aliyefuata. Nilijiambia nitamnong'oneza daktari baadaye, lakini foleni ilikuwa ndefu na nikasahau. Hapana, sikusahau. Niliogopa Baba ataitwa mbele za watu na kujua kwamba ni mimi niliyesema.

Gari liliondoka na wenye ndiyo, na Baba akawapungia mkono.

Mwaka uliofuata, alipoanza kujigonga kwenye milango, nilimpeleka hospitali mjini. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Sikumuuliza kama tulichelewa. Alisema mwenyewe: mngewahi, tungeulinda uliokuwepo. Namchukia daktari yule mpaka leo, na najua hana kosa lolote.

Sasa Baba haoni kabisa, na anaishi nami hapa mjini, Makole. Jioni nikisahihisha madaftari hupenda nimsomee walichoandika wanafunzi, naye huwacheka. Kuhusu fomu hakuwahi kusema neno, nami nikaridhika kwamba imeshapita.

Jumapili moja baada ya ibada, nilipokuwa nampakulia ugali, aliuliza, "Siku ile ya madaktari, uliandika nini kwenye swali la mwanga?"

"Niliandika ulivyosema, Baba."

Alitafuta bakuli la mlenda kwa vidole. Nikamsogezea. Alikula matonge mawili bila haraka.

"Mimi nilikuwa naongea mbele ya wenzangu," alisema. "Kalamu ulikuwa nayo wewe."