Majina Bila Njia

Pale redioni walimwita Bi Masikio, kwa kuwa visikilizio havikumtoka kichwani mpaka wakati wa chai. Kazi yake ilikuwa kutunza rekodi. Hakuisomea. Alichungulia begani kwa fundi, akajaribu, akaharibu, akatengeneza, mpaka kompyuta ile ya maandishi matupu, isiyo na picha ya kubonyeza, ikawa inamtii kama ng'ombe anayemjua mkamuaji wake.

Sasa, watangazaji wa pale walikuwa na mazoea yao. Kila mmoja alikuwa na folda yenye jina lake, na humo ndani alianza kuhesabu upya: kipindi-01, kipindi-02, akaendelea. Jina la mtu lilikaa mlangoni tu. Ndani, rekodi za wote ziliitwa vilevile.

Siku ya kuhamia kompyuta mpya, Bi Masikio aliiamuru ile ya zamani itafute rekodi zote. Zikashuka, kila moja na njia yake nzima, folda ndani ya folda, na jina mwishoni kabisa. Meneja akainama kutazama.

"Dada, mtu akikuuliza jina unamtajia ukoo mzima? Nipe majina tu."

Neno la mkubwa hilo. Akaongeza amri fupi: kata kila kitu mpaka mkwaju wa mwisho, ule mstari wa mshazari unaotenganisha folda na jina, bakiza jina. Skrini ikawa safi kama uwanja uliofagiwa. Aliona kipindi-01 ikijirudia, akadhani mashine imeshikwa na kigugumizi. Akaziagiza zote ziingie folda moja, kila moja kwa jina lililobaki. Na kompyuta, jamani, haipigi hodi: kila kipindi-01 iliyoingia iliifuta iliyotangulia. Ile mashine ya zamani ikafutwa kila kilichokuwamo, ikapewa watu wengine.

Hakuna aliyejua, hadi alipokuja Babu Salamu, mtangazaji mstaafu, na mkewe. Ugonjwa wa koo ulikuwa umeichukua sauti ya mzee, haikubaki hata ya kunong'ona.

"Miaka yote nilimwambia anyamaze," mkewe alisema. "Sasa kanitii, na utiifu wenyewe umenichosha! Tunaomba kipindi chake cha kwanza, mwanangu. Kuna wajukuu hawajawahi kumsikia."

"Kaeni, mama. Sasa hivi tu."

Akatafuta kipindi-01. Ikatokea moja. Akamvisha mzee visikilizio. Babu akafumba macho, akangoja, akayafumbua. Akatikisa kichwa.

Bi Masikio akasikiliza mwenyewe: mtangazaji wa michezo, anapiga kelele za goli.

Akatafuta tena, kompyuta nzima, safari hii bila kukata chochote. Mstari mmoja. Akatafuta kipindi-02. Mstari mmoja. Ndipo alipoikumbuka ile amri yake ya kukata.

"Vipi, mwanangu?"

"Mama, haimo. Nimeifuta mimi, siku tunahama."

"Basi tazama upande mwingine."

"Hakuna upande mwingine, mama."

Bibi akacheka kidogo, cheko la kuomba. "Kompyuta yote hii?"

Mzee akaweka mkono juu ya meza, akafungua kinywa. Midomo ikaenda, taratibu, maneno kadhaa, hewa tupu ikitoka.

"Amesemaje, mama?"

Bibi akaikazia macho midomo ya mumewe, iliyokwisha kufumbwa.

"Sijui," akasema. "Kwa kawaida huwa namwelewa."